Paka Analala, Buibui Anafanya Kazi, Mimi Nalipa Kodi

Katika nyumba hii ya Kasarani, ambayo kodi yake inatoka mfukoni mwangu kabla ya tarehe 5, mimi ndiye wa mwisho kwa cheo. Wa kwanza ni paka. Anafuata Mama Shiko, na hata yeye akitaka kukalia kiti cha dirishani humsemesha paka kwanza, taratibu, eti "baba, sogea kidogo." Baba! Mimi sijaitwa kwa sauti hiyo tangu tumalize mambo ya mahari. Kisha Shiko, kisha televisheni, halafu mimi na mopu tunagombania mkia.

Paka huyu aliletwa kwa kazi maalumu. Panya walikuwa wametoboa pakiti za unga jikoni, na nilipompigia mwenye nyumba aliniambia panya si wa ploti yake, nilikuja nao kwenye mizigo. Basi nikatafuta paka. Siku za mwanzo alikuwa mpole ajabu, anajisugua miguuni mwa kila mtu, mpaka mgeni anasalimiwa. Kumbe anaomba kura. Alipojua ameingia, tukamkosa. Mchana haonekani, ukimwita hageuki, lakini sufuria ikigonga jiko yuko mezani kabla ya sahani. Ndiyo maana tunamwita Mheshimiwa.

Ukilalamika kwamba analala sana, wanaojua paka watakuambia saa 12 hadi 16 kwa siku ni kawaida yao. Saa 16! Hata soja wa geti letu hajafika hapo, na yule amejitahidi. Omena nanunua mimi, na nikinyoosha mkono nichukue mmoja naulizwa, "Na Mheshimiwa atakula nini?" Nilisoma pia kwamba paka hasikii utamu wa sukari, hana kabisa kile kionjo kwenye ulimi. Sasa mandazi yangu anayalamba ya nini? Hiyo si njaa, ni dharau.

Njoo sasa kwa buibui. Hawa hawakuletwa na mtu, walijileta, na tangu waje hakuna siku wamedai chakula. Kuna mmoja kwenye kona ya choo, miguu mirefu myembamba, mwili kidogo tu katikati. Ukimgusa utando kwa fagio hakimbii. Anaanza kujitikisa, anajizungusha pale pale kwa kasi mpaka unaona ukungu badala ya buibui, na wewe mwenye fagio ndiye unarudi nyuma. Mwingine anakaa nyuma ya kalenda sebuleni, bapa, amelalia ukuta kana kwamba amepigwa pasi. Huyo hasuki utando. Usiku taa zikizimwa anatoka kwa miguu kuwinda, na vile vitoto vya mende vilivyokuwa vinafanya mikutano nyuma ya friji siku hizi sivioni.

Mama Shiko hamwiti buibui. Anasema, "Baba Shiko, kuna kitu ukutani," kwa ile sauti ya chini ambayo mwanamume mwenye akili huitika akiwa amesimama tayari. Slipa iko mkononi. Mimi najaribu kumtetea: huyu anakula mbu, huyu anakula mende, dawa ya kupuliza ni bei gani siku hizi? Shiko naye anadakia kutoka kwenye viazi vyake, "Halafu buibui si mdudu, Baba. Mdudu ana miguu 6." Asante sana, mwanangu. Karo inafanya kazi.

Kesi iliharibika zaidi jirani alipoamka na shingo imebabuka, malengelenge mstari mzima. Keateka, ambaye bomba likipasuka huwa hajui lolote, siku hiyo alikuwa daktari: "Amekojolewa na buibui." Ploti nzima ikanitazama mimi. Nikawaeleza kwamba huyo ni Nairobi flai, yule mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi anayefuata taa usiku. Tena si nzi, ni mbawakavu, na wala haumi. Ukimponda kwenye ngozi ndipo sumu ya mwilini mwake inakuchoma. Baada ya mvua za El Niño, mwaka wa 1998, alisumbua watu wengi nchini, na hata leo dawa yake ni kumpuliza aondoke, kisha unaosha mahali alipopita kwa sabuni. Nilieleza vizuri kabisa. Keateka akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini buibui unaye, sivyo?"

Na ajabu ni kwamba hapa hapa Kasarani iko ICIPE, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Makao yao yanaitwa Duduville, sitanii. Watu wana digrii na wanalipwa mshahara kuangalia viumbe ambavyo mimi nikiviangalia nyumbani kwangu naulizwa kama niko sawa. Wana kituo kingine Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na huko ziwani yuko buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora. Huyo kipenzi chake ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Damu anaitaka, lakini kututoboa hawezi, basi anangoja mbu atunyonye kisha anamdai yeye. Nimewahi kudaiwa na watu wengi Nairobi, wakala wa namna hiyo sijapata.

Mwaka wa 2011 watafiti walichapisha jambo lililonigusa moyo. Walimpa buibui huyo harufu ya soksi iliyovaliwa na harufu ya soksi safi, akavutwa zaidi na iliyovaliwa. Za kwangu hulala nje kwenye balkoni kwa amri ya serikali ya nyumba hii. Kumbe yuko kiumbe wa kuzithamini, ila anaishi Mbita na nauli ya kumleta sina.

Kinachoniuma ni hiki. Mende mzima, wa mabawa, akipita sebuleni, Mheshimiwa humsindikiza kwa macho mpaka chini ya kabati. Lakini buibui mmoja akikosea njia akashuka sakafuni, uvivu wote unaisha. Juzi nilimwona. Alijilaza, makalio yakatikisika, akamwekea unyayo juu polepole bila kucha, akainua achungulie. Buibui akakimbia hatua mbili, unyayo tena. Mwishowe akamtia mdomoni, akamtafuna kidogo, akakunja uso na kumtema. Akaondoka na mguu mmoja wa marehemu umenata kwenye sharubu, akapiga chafya. Aliyeachwa sakafuni alikuwa amekunja miguu yote ndani. Buibui hana misuli yote ya kunyoosha mguu, huunyoosha kwa msukumo wa majimaji ya mwilini. Msukumo ukiisha, kila kitu kinajikunja. Mtu wa Kasarani analielewa hilo bila mwalimu, maana tunangoja maji ya mfereji tangu Jumatatu.

Nilipolalamika niliambiwa, "Si anawinda? Wewe ulisema hafanyi kazi." Halafu akaongezewa maziwa. Maziwa yenyewe tumbo lake halipatani nayo, na mwenye kupiga deki saa 10 alfajiri mnamjua.

Sasa mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Murang'a, na agizo limetoka: utando wote uishe. Paka yeye amenunuliwa mto mpya. Jana usiku nikachukua glasi na kipande cha kadi, nikamtoa yule wa choo bila kumvunja mguu, nikapanda naye ngazi mpaka gorofa ya 5 kwa yule jirani wa spika, anayetuimbisha ibada ya Jumapili kuanzia Ijumaa. Dirisha lake la choo hufunguka kwenye ngazi. Nimempa mfanyakazi hodari, bure, na kwa jinsi ninavyomsikia akipiga mayowe hata akiona nondo, spika itapata mpinzani.

Niliporudi na glasi tupu Mama Shiko alikuwa amesimama mlangoni.

"Umempeleka wapi?"

"Gorofa ya 5."

Alinyamaza, akatazama juu, muziki ukigonga dari. Kisha akaingia sebuleni na kuing'oa kalenda ukutani mwenyewe.

"Rudi na huyu pia."