Mwindaji wa ardhi ya umma naye afikiriwe

Jamani hili suala la pembe za kulungu huku jimbo la Pennsylvania, Marekani, leo nalisema, maana kila Novemba ikikaribia ugomvi ni uleule, wanaotaka pembe kubwa wanawaita wenzao walafi wa nyama, na wa nyama wanawaita wale watu wa kujionyesha. Mi naishi Erie, nawinda ardhi ya umma tu, sina shamba wala sina rafiki mwenye shamba, kwa hiyo linanihusu kabisa.

Kwa asiyejua, zamani hapa dume akiwa na pembe ya inchi 3 tu unampiga. Ndo maana zaidi ya asilimia 80 ya madume waliokuwa wanauawa walikuwa wa mwaka mmoja na nusu, yaani anaota pembe zake za kwanza na anafa nazo hizohizo. Mwaka 2002 mamlaka ya wanyamapori ya jimbo ikaleta sheria ya ncha, yaani matawi ya pembe: sehemu nyingi ili umpige dume pembe yake moja lazima iwe na ncha 3, na siku hizi huku kwetu magharibi ni kali zaidi, ncha 3 bila kuhesabu ile fupi ya chini inayoota juu ya paji la uso. Gary Alt, mtaalamu aliyesimamia mpango huo pamoja na ule wa kupunguza majike, alizunguka jimbo zima akiwaelewesha watu, na vitisho alivyopata vilifika mahali akawa anavaa fulana ya kuzuia risasi mikutanoni. Kisa kulungu!

Mi sheria naiunga mkono, nisieleweke vibaya. Dume akipona ule msimu wa kwanza anajifunza kujificha, anakomaa, na siku hizi hata kwenye ardhi ya umma unakuta miti minene imechubuliwa magome kwa pembe, unajua kabisa huyu si mtoto.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa.

Msimu uliopita Jumamosi ya ufunguzi nilienda na ndugu yangu mmoja mtu wa Uvira, mtu mzima, leseni yake ya kwanza hapa Marekani, kazini kapata siku moja tu ya ruhusa. Asubuhi baridi imekaza akatokea dume kama mita 40 hivi, jamaa akatulia akahesabu, kushoto mbili, kulia mbili na ile fupi, haitoshi, akashusha bunduki na dume akapita taratibu akavuka kilima. Haikupita nusu saa tukasikia mlio. Tulipofika tukamkuta mtoto wa miaka kama 13 na baba yake, na dume ni yuleyule, na ni halali maana vijana wadogo sheria hiyo haiwabani. Tukampongeza, alikuwa anatetemeka kwa furaha na mi nilifurahi naye kweli. Lakini njiani ndugu yangu akaniuliza, "Kaka, nimemwacha akue, sasa amekulia wapi?" Sikuwa na jibu.

Mwenye shamba lake akimwacha dume leo ana uhakika wa kumwona mwakani, anajua anapolala na anapokunywa maji. Wa ardhi ya umma anamwachia mwenzake wa kilima cha pili. Na hii ardhi, karibu ekari milioni 1.5 za jimbo, wawindaji ndo wameigharamia kwa pesa ya leseni na ile kodi ya bunduki na risasi ambayo sheria ya 1937 iliielekeza kwa wanyamapori, kwa hiyo hata anayeanza leo akinunua boksi moja la risasi naye amechangia.

Mi nasema mtu mzima wa leseni ya kwanza apewe nafuu ileile ya mtoto, dume mmoja tu, kwenye ardhi ya umma, basi. Wataniambia apige jike, sawa, lakini leseni ya jike ni nyingine na zina idadi kwa kila eneo, yeye alichelewa akakosa. Na sheria ya ncha inarekebishika bana, Missouri waliiondoa kwenye kaunti zenye ule ugonjwa wa kulungu wa kukondesha, sababu madume wadogo wanatembea mbali na wanaweza kuusambaza. Walipoona haja walibadilisha.

Ndugu yangu ameshakata leseni ya msimu huu, safari hii na ya jike ameiwahi.