Ufahamu wa Kiingereza haujengwi kwa kurundika karatasi za mitihani

Mtu anayejiandaa na mtihani wa lugha ya Kiingereza hukutana na ushauri uleule kila anapouliza: fanya karatasi nyingi za mazoezi, usisome kifungu chote, chukua neno kuu la swali, lisake ndani ya habari, weka jibu, songa mbele. Ushauri huu naupinga kwa moyo wote. Nimekaa na watahiniwa wa kutosha kuona unachowafanyia. Mtu anamaliza rundo la karatasi, alama zake zimeganda palepale, naye anaondoka akiamini kwamba kinachomwangusha ni kasi.

Tuianze hiyo kasi, maana hesabu yake ni nyepesi. Sehemu ya kusoma ya IELTS Academic, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza kwa wanaotaka kujiunga na vyuo, ina vifungu 3 na maswali 40, na muda wake ni dakika 60. Vifungu vyote 3 kwa pamoja huwa na maneno kati ya 2,150 na 2,750. Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya matokeo ya tafiti nyingi za usomaji na kukadiria kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hupitia maneno kama 238 kwa dakika, kwa maandishi yasiyo ya kubuni. Sasa tuseme wewe unakwenda nusu ya hapo, maneno 120 hivi. Hata ukipata karatasi ndefu kuliko zote, utakuwa umesoma kila neno kwa dakika 23, na zitabaki 37 za kushughulikia maswali.

Kwa hiyo muda unakwenda wapi? Unakwenda kwenye kurudi nyuma. Mtahiniwa aliyeambiwa asisome anaingia kwenye swali la kwanza bila kujua habari inahusu nini, anapekua aya tatu, anapata neno linalofanana na la swali, anasita, anarudi kwenye swali, anapekua tena. Akifika swali la 10 ameshapita juu ya aya ileile mara nyingi na bado hajaisoma hata mara moja. Aliyetumia dakika saba au nane kusoma kifungu kwa utulivu anajua hoja ya kila aya iko wapi, na akiulizwa anakwenda moja kwa moja.

Mbinu ya kusaka neno kuu ina ubaya mwingine: watunga maswali wanaijua vizuri kuliko wewe. Kazi yao ni kupima kama umeelewa maana, ndiyo maana swali husema jambo kwa maneno mengine kabisa, huku lile neno ulilolitafuta likiwa limekaa kwenye sentensi isiyohusika. Katika maswali ya kuchagua, chaguo lenye maneno mengi yaliyonakiliwa kutoka kwenye habari ndilo ninalolitilia shaka kwanza.

Hakuna mahali ufahamu unapopimwa vikali kuliko kwenye maswali ya Kweli, Si Kweli na Haikutajwa (True, False, Not Given). Watahiniwa wengi huyachukia. Mimi nayapenda, kwa sababu yanamlazimisha mtu kutenganisha kilichoandikwa na anachokijua mwenyewe. Chukua mfano huu mfupi nilioutunga. Habari inasema: watafiti walifuatilia mizinga ya nyuki kwa miaka mitatu, na mizinga iliyokuwa karibu na msitu ilitoa asali nyingi kuliko iliyokuwa karibu na mashamba. Kisha unapewa kauli tatu. Ya kwanza: utafiti ulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Hiyo ni kweli, ingawa maneno “zaidi ya mwaka mmoja” hayapo popote. Ya pili: mizinga ya karibu na mashamba ndiyo iliyoongoza kwa asali. Si kweli, na unaweza kuweka kidole kwenye maneno yanayoikanusha. Ya tatu: dawa za kuua wadudu zinazopulizwa mashambani zilipunguza asali.

Hapo ndipo watu wanapoanguka. Wanajua kwamba dawa hizo huwadhuru nyuki, wanaona neno “mashamba”, akili inaunganisha, wanaandika Kweli. Lakini habari haikusema lolote kuhusu dawa. Huenda tofauti ilitokana na maua, au maji, au upepo. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: ichomeke kauli ndani ya habari uone kama kuna kinachogongana. Halafu chomeka kinyume chake. Kama zote mbili zinakaa bila kugombana na mstari wowote, jibu ni Haikutajwa. Ikigombana, uonyeshe mstari inaogombana nao. Ukishindwa kuuonyesha, huna haki ya kuandika Si Kweli. Mtu akifanya hivi kwa subira kwenye vifungu vichache tu, namna yake ya kusoma inabadilika, hata anaposoma mkataba au habari za kisayansi nje ya mtihani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya mazoezi havitakuambia, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili hujikwaa mahali pake mwenyewe, na mara nyingi msamiati hauhusiki.

Pa kwanza ni viwakilishi. Kwetu kitenzi hubeba alama ya kile kinachozungumziwa. Ukisema kamati ililinganisha mpango na ripoti “ikaukataa”, msikilizaji anajua kilichokataliwa ni mpango. Ukisema “ikaikataa”, ni ripoti. Kiingereza kitasema “it” pande zote mbili na kukuachia wewe utafute. Tumezoea ngeli zitufanyie kazi hiyo, kwa hiyo tunapita juu ya “it”, “this” na “they” bila kusimama, na kufikia mwisho wa aya hatujui nani alifanya nini. Zoezi lake ni rahisi na linachosha: kila kiwakilishi, chora mstari hadi kwenye nomino yake.

Pa pili ni vishazi vilivyofupishwa. Sentensi kama “The samples collected in winter contained less salt” humtega msomaji anayekutana na “collected” na kuichukulia kuwa kitenzi kikuu. Kiswahili kisingeficha kitu: sampuli “zilizokusanywa”, na kile kirejeshi kinakutahadharisha kwamba kitenzi chenyewe bado kinakuja. Kwenye Kiingereza inabidi ujiulize kila mara kitenzi kikuu cha sentensi ni kipi, hasa ikivuka mistari miwili.

Pa tatu ni zile nomino zinazopangwa foleni: “school bus driver training programme”. Sisi huanza na kitu chenyewe kisha tukakieleza: programu ya mafunzo ya madereva wa mabasi ya shule. Kiingereza kimekiweka mwisho, kwa hiyo foleni hiyo isome kuanzia kulia. Vifungu vya kitaaluma vimejaa foleni za namna hii, na anayezisoma kuanzia kushoto huishia kudhani habari inahusu mabasi.

Msamiati nao una uzito wake, na hapa utafiti unasaidia. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation waliwapa wasomaji habari ambamo baadhi ya maneno yalibadilishwa kuwa maneno yasiyo na maana. Waliobaki na asilimia 80 tu ya maneno wanayoyajua, hakuna hata mmoja aliyeielewa habari inavyotakiwa. Makadirio yao yalikuwa kwamba wasomaji wengi wanahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ndipo waweze kusoma bila msaada. Ukipeleka viwango hivyo kwenye kifungu cha maneno 900, asilimia 98 inakuachia maneno 18 mageni. Asilimia 80 inakuachia 180. Hakuna ujanja wa kubahatisha maana kutokana na muktadha utakaokuvusha kwenye maneno 180, kwa sababu muktadha wenyewe umeundwa na maneno usiyoyajua.

Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya maandalizi iwe kusoma tu. Kusoma habari ndefu, nyepesi kiasi, ambazo karibu maneno yote unayajua, kila siku, bila maswali mwishoni. Orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno (kila familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo), ni mwongozo mzuri, kwani familia hizo huchukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Ila orodha isikaririwe ikiwa imetengwa na usomaji. Neno ulilokutana nalo kwenye sentensi tano tofauti utalitambua siku ya mtihani hata likibadilisha mavazi.

Kuna pia suala la kujua mambo. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapima wanafunzi wa Marekani kwa habari ya mchezo wa besiboli, wakakuta kwamba wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliielewa habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo usibaki kwenye mada unazozipenda. Soma kuhusu mashapo ya bahari, historia ya karatasi, namna watoto wanavyojifunza kuzungumza. Najua kuna mvutano hapa na nilichosema juu ya Haikutajwa: ujuzi wako unakusaidia kuelewa, kisha unakuponza unapojibu. Ni kweli, na ndiyo maana msomaji mzuri huutumia ujuzi wake kufuata hoja, halafu anaomba ushahidi kwenye mstari kabla hajajibu.

Basi karatasi za mazoezi tuzifanyeje? Kwa maoni yangu, kifungu kimoja kinatosha kazi ya siku mbili tatu. Kwanza kifanye kwa muda, dakika 20, kama mtihani. Sahihisha. Wengi huishia hapo: wanahesabu alama, wanafurahi au wanahuzunika, wanafungua kifungu kingine. Mimi nadai kwamba mazoezi yalikuwa hayajaanza. Kuhesabu alama kunakuambia ulipo tu; hakukusogezi.

Rudi kwenye kifungu bila saa, ukiwa na kamusi. Kwa kila swali, hata ulilopata, andika mstari uliotoa jibu. Swali ulilopata kwa kubahatisha lihesabu kama ulilokosa. Kwa kila ulilokosa, andika kwa maneno yako kilichokuvuta kwenye jibu lile. Ilikuwa neno linalofanana? Uliruka neno la kukanusha? Habari ilisema “baadhi”, wewe ukasoma “wote”? Ulifuata kiwakilishi kisicho chake? Baada ya vifungu vichache utaona makosa yako yanajirudia, na ya kwako huenda hayafanani na ya jirani yako. Hapo umejua cha kufanyia kazi.

Kisha funga kitabu, ueleze kila aya kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unayemsimulia mtu. Wapo walimu wanaokataza hili. Wanataka mwanafunzi afikiri kwa Kiingereza tangu mwanzo. Sikubaliani nao. Sentensi ya Kiingereza unaweza kuikariri na kuirudia bila kuielewa hata kidogo. Ukilazimika kuisema kwa lugha unayoimiliki, tundu linaonekana papo hapo: unafika kwenye “lakini” na hujui kilichofuata. Siku chache baadaye kisome kifungu hicho tena kwa mkupuo mmoja. Utashangaa kinavyokwenda haraka, na hiyo ndiyo kasi ya kweli, inayotokana na kuelewa.

Maswali ya kuoanisha vichwa na aya yanafaidika sana na simulizi hii ya Kiswahili, kwa kuwa kichwa sahihi ni kile kinachobeba aya nzima, wakati vile vya mtego hubeba sentensi moja ya kuvutia iliyomo ndani yake. Mitihani ya Cambridge kama B2 First nayo ina sehemu ambapo sentensi 6 zimetolewa kwenye habari na unapewa 7 za kuchagua. Huko viwakilishi na viunganishi ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu, na aliyezoea kuchora mistari yake hatahangaika.

Karatasi kamili za saa nzima nazitaka wiki mbili tatu za mwisho, si kabla. Zifanye kwa kikao kimoja, bila simu, bila kusimama. Kama utafanya IELTS ya karatasi, zoea kuandika majibu moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu, maana kwenye sehemu ya kusoma hakuna dakika za ziada za kuyahamisha. Jibu lenye tahajia mbovu halipewi alama. Ukiambiwa jibu lisizidi maneno mawili, matatu yanakukosesha hata kama maana ni sahihi. Na jibu baya halikupunguzii alama, kwa hiyo dakika ya mwisho ikifika, jaza kila nafasi iliyobaki wazi.