Foleni ndefu ni ya meno

Shirika la Remote Area Medical huandaa kliniki za bure sehemu mbalimbali za Marekani. Watu hufika usiku, hulala ndani ya magari yao, hupewa namba, na alfajiri milango hufunguliwa. Haulizwi mtu bima wala kitambulisho. Ndani kuna wapimaji wa macho na madaktari wa kawaida, lakini foleni inayoniumiza ni ya meno, maana ndiyo watu wanayoikesha.

Mwanzilishi wake, Stan Brock, alikuwa Mwingereza aliyechunga ng'ombe Guyana. Siku moja farasi alimuumiza vibaya, akaambiwa daktari wa karibu yuko mwendo wa siku 26 kwa miguu. Alipoanzisha shirika mwaka 1985 aliwawazia watu wa pembezoni kama wale wa Guyana. Leo kazi kubwa ya shirika inafanyika katika nchi tajiri, kwa watu ambao pengine hupita mbele ya hospitali kila siku.

Na kwa nini meno? Kwa sababu bima ya huko imeutenga mdomo na mwili. Medicare, bima ya wazee iliyotungiwa sheria mwaka 1965, hailipii matibabu ya kawaida ya meno. Medicaid, ya watu wa kipato cha chini, imewaachia majimbo yaamue kama mtu mzima atatibiwa meno na kwa kiasi gani. Sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali kumpokea mgonjwa wa dharura, ila mwenye jino bovu mara nyingi huondoka na vidonge vya maumivu na antibiotiki, jino likiwa palepale. Mwaka 2007 mtoto wa miaka 12 wa Maryland alikufa baada ya maambukizi ya jino kufika kwenye ubongo. Kuling'oa kungegharimu kama dola 80.

Nazipenda kliniki hizi, na wanaojitolea pale nawaheshimu kwa dhati. Lakini kliniki ya siku mbili hulazimika kung'oa. Kutibu mzizi wa jino na kulivika kofia kunaweza kumtaka mgonjwa arudi, na Jumatatu viti vimeshafungashwa. Basi jino ambalo lingeokolewa linatoka. Maumivu yanakwisha, pengo linabaki, na mtu anakwenda kuomba kazi akiongea huku kiganja kiko mdomoni. Daktari hana kosa. Amefanya lililo jema kwa muda alionao.

Ndiyo maana mchango wangu ningeupeleka kwanza kwenye kliniki ya bure yenye mlango wa kudumu, kama ile iliyofunguliwa Haight-Ashbury, San Francisco, mwaka 1967, au ile ya Hilton Head, South Carolina, iliyoanza katika miaka ya 1990 kwa kuwarudisha kazini madaktari wastaafu. Mgonjwa wa presha anahitaji mtu atakayempima tena mwezi ujao na kumwongezea dawa. Jino nalo ni hivyo hivyo.

Kwa wabunge wa Marekani nina ombi moja: wayaingize meno ndani ya Medicare. Mpaka hapo, wenye maumivu wataendelea kukesha kwenye maegesho, na namba za meno zikiisha, waliobaki nyuma wataambiwa wawashe magari warudi nyumbani.