Kanuni za Maadili ya Tiba Nazo Zipimwe kwa Matokeo Yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya umma mjini Washington, watoto njiti waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa oksijeni kwa wingi, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. La pili lilipewa kidogo, tena pale tu mtoto alipoonekana kuihitaji. Daktari wa macho Arnall Patz na wenzake walitaka kujua kama oksijeni ndiyo iliyokuwa ikipofusha watoto. Baadhi ya wauguzi wa zamu ya usiku hawakukubaliana na jambo hilo. Waliona ni ukatili kumnyima hewa kichanga asiyefikia hata kilo mbili, kwa hiyo usiku waliwafungulia oksijeni watoto wa kundi la pili, na kulipokaribia kupambazuka wakaifunga tena.

Nawafikiria mara nyingi wauguzi hao, kwa sababu walifanya vile ambavyo wengi wetu tungefanya. Walishika kanuni njema kabisa: usimnyime mgonjwa kinachomsaidia. Lakini ndani ya kanuni hiyo mlikuwa na dai ambalo hakuna aliyekuwa amelihakiki, kwamba oksijeni nyingi inamsaidia mtoto. Kumbe ilikuwa ikiharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa na Theodore Terry huko Boston mwaka 1942, na katika miaka kama kumi hivi uliacha takriban watoto 10,000 duniani bila uwezo wa kuona. Wengi walizaliwa katika hospitali zenye vifaa bora kuliko nyingine zote. Huko Melbourne, mwaka 1951, Dakta Kate Campbell alieleza kwamba upofu ulikuwa mchache pale ambapo oksijeni ilitumiwa kwa kubana, kwa kuwa ilikuwa ghali. Jaribio kubwa la hospitali 18 za Marekani, lililoanza 1953, likamaliza ubishi.

Kisa hiki ndicho kinachonifanya niamini kwamba falsafa ya pragmatizimu, ile inayopima wazo kwa matokeo yake katika utendaji, inafaa kuwa na nafasi kubwa zaidi katika maadili ya tiba na utafiti wake kuliko iliyo nayo sasa.

Waanzilishi wake walikuwa Wamarekani watatu. Charles Sanders Peirce alishauri mwaka 1878 kwamba ukitaka kuelewa wazo lolote, angalia linaleta tofauti gani katika utendaji. William James alikuwa amesomea udaktari, akahitimu Harvard mwaka 1869, ingawa hakuwahi kutibu watu. John Dewey ndiye aliyelipeleka jambo hili moja kwa moja kwenye maadili. Kwake yeye, kanuni ya maadili ni chombo cha kuchunguzia hali ngumu. Unaichukua ulivyoirithi, unaitumia, unatazama imewafanyia nini watu, kisha unairekebisha. Kwa daktari hilo halina ugeni, maana ndivyo anavyoitazama dawa. Hakuna anayemwambia daktari kwamba dawa ni njema kwa sababu jina lake lina heshima. Ila inapofika zamu ya kanuni zenyewe, kama vile uhuru wa mgonjwa, kutenda mema, kutodhuru na haki, mara nyingi tunazitaja kana kwamba kuzitaja tu kunatosha kutupa jibu.

Najua pingamizi linalokuja hapa, na ni zito. Watu husema pragmatizimu ni kuhalalisha chochote mradi kinafanya kazi. Wanauliza: je, waliowafanyia ukatili wanadamu kwa jina la sayansi hawakudai vilevile kwamba matokeo yatafaa wengi? Mfano ni Tuskegee, huko Alabama. Kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa “damu mbaya”. Penisilini ilipothibitika kutibu kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa. Utafiti uliendelea hadi 1972, gazeti lilipoufichua.

Mimi naona Tuskegee inalaaniwa na pragmatizimu kwa nguvu kuliko na falsafa nyingine yoyote. Dewey hakusema mchunguzi mmoja ajifungie ofisini aamue kipi “kinafanya kazi”. Uchunguzi kwake ni wa jamii nzima, na anayepata maumivu ya uamuzi ni shahidi ambaye hauwezi kukamilika bila yeye. Watu wa Tuskegee walinyimwa hata habari ya ugonjwa wao wenyewe, hivyo hawakuwa na njia ya kusema kwamba mambo yanakwenda kombo. Miaka 40 ilipita bila wenye utafiti kukubali kwamba yaliyobadilika nje yangepaswa kubadilisha waliyokuwa wakiyafanya. Hapo hakuna uchunguzi wowote, kuna dhuluma iliyovikwa koti jeupe.

Na ndiyo maana pragmatizimu haiidharau kanuni ya ridhaa. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, kuhusu utafiti unaofanywa kwa binadamu, zinaanza na ridhaa ya hiari, zikiita ni ya lazima kabisa. Kauli hiyo ilitoka katika kesi ya madaktari wa Wanazi, na imebeba uzito wa yote yaliyosikika mahakamani. Ninapoishika kwa nguvu, naishika kwa sababu tumeona kinachotokea isipokuwepo. Hata hivyo, ukiisoma neno kwa neno, ingezuia utafiti wowote kwa mtoto mdogo au mgonjwa aliyezimia, kwa kuwa hawawezi kuridhia wenyewe. Azimio la Helsinki la 1964, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti huo, likaruhusu mwakilishi wa kisheria aridhie kwa niaba yao, na tangu hapo limefanyiwa marekebisho tena na tena, la karibuni likiwa la 2024. Wapo wanaoona marekebisho hayo kama udhaifu. Kwangu ni ishara ya nyaraka iliyo hai, ingawa si kila badiliko lilikuwa la busara.

Turudi kwenye oksijeni, maana kisa hakikuishia kwenye jaribio lile la hospitali 18, na sehemu ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Baada ya matokeo yale, madaktari walijiwekea kanuni mpya: oksijeni isizidi asilimia 40 ya hewa anayovuta mtoto. Upofu ukapungua sana, ikawa shangwe. Lakini kanuni ile ilikomaa haraka ikawa amri, na watoto ambao mapafu yao yalihitaji hewa zaidi walikosa. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kwamba huenda watoto kama 16 walikufa kwa kila mmoja aliyeokolewa macho. Ni makadirio, na yamebishaniwa. Hata tukiyapunguza sana, bado yanaonyesha jinsi macho yaliyokuwa yakihesabiwa yalivyoficha vifo visivyohesabiwa na mtu.

Kisha ukaja utafiti wa SUPPORT huko Marekani, uliochapishwa 2010. Uliwahusu watoto zaidi ya 1,300 waliozaliwa kati ya wiki ya 24 na ya 27 ya ujauzito, wakapangwa kwa bahati nasibu katika viwango viwili vya oksijeni ya damu: asilimia 85 hadi 89, au 91 hadi 95. Vyote viwili vilikuwa ndani ya mipaka iliyotumiwa na madaktari kila siku. Kiwango cha chini kilipunguza ugonjwa mkali wa macho, ila vifo vilikuwa vingi zaidi, asilimia 19.9 dhidi ya 16.2. Mwaka 2013 ofisi ya serikali inayolinda washiriki wa utafiti ilisema fomu za ridhaa hazikuwaeleza wazazi vya kutosha kuhusu hatari za upofu, madhara ya ubongo na kifo. Wasomi waligawanyika. Wenye kuutetea walisema watoto wote walipata huduma ya kawaida, na kwamba swali lisingejibika kwa njia nyingine.

Katika hoja hiyo ya pili nakubaliana nao. Bila kupanga watoto kwa bahati nasibu tungeendelea kubahatisha milele, kila daktari na imani yake, na watoto wangelipa gharama bila hata sisi kujua. Lakini kuhusu fomu naungana na ofisi ile. Mzazi aliyekaa kando ya kisanduku cha joto, mtoto wake mwenye ngozi nyembamba akipumua kwa msaada wa mashine, anahitaji kusikia sentensi tatu: hatujui kiwango kipi ni bora, kimoja kinaweza kuongeza upofu na kingine kinaweza kuongeza vifo, ukikubali, bahati nasibu ndiyo itakayoamua. Ridhaa ipimwe kwa kile mzazi alichobaki nacho kichwani baada ya kutia saini. Kurasa nyingi zenye saini chini, na mzazi asiyeweza kueleza mtoto wake yuko kwenye jambo gani, hazijatimiza kazi ambayo ridhaa iliwekewa.

Penye nia, namna hii ya kufikiri imezaa matunda. Ebola ilipokuwa ikiua Guinea mwaka 2015, watafiti walikuwa na chanjo yenye dalili njema ambayo haijathibitishwa. Kuwapa wengine sindano isiyo na kitu kuliwakera wengi, na kumpa kila mtu chanjo bila kulinganisha kungetuacha gizani. Wakatafuta njia ya tatu: kila alipopatikana mgonjwa, watu waliokutana naye na waliokutana na hao walihesabiwa kuwa duara moja. Baadhi ya maduara yalichanjwa papo hapo, mengine baada ya siku 21. Matokeo ya mwanzo yalipoonyesha kinga kubwa, kusubiri kulifutwa na wote wakachanjwa mara moja. Kanuni mbili zilizokuwa zikigombana vitabuni zilipatanishwa na mpango wa kazi, kwa sababu kuna watu walioamini kwamba njia bora inaweza kubuniwa.

Kinachonikera ni kwamba hatua ya kurekebisha ndiyo tunayoiruka. Joseph Fins, Franklin Miller na Matthew Bacchetta, walioandika kuhusu pragmatizimu ya kitabibu miaka ya 1990, walipendekeza mlolongo wa kushughulikia mgogoro kando ya kitanda cha mgonjwa: kusanya ukweli wa kitabibu, msikilize mgonjwa na jamaa zake, tazama njia zilizopo, kubalianeni mpango, halafu rudini mtathmini. Hatua za mwanzo hospitali nyingi zinazijua. Kutathmini hubaki kwenye karatasi. Kamati za maadili ya utafiti nazo husoma pendekezo kwa makini, huhoji kila aya ya fomu, hupitisha, kisha hupokea ripoti za mwaka. Ni mara chache kamati kumtafuta mshiriki imuulize alielewa nini.

Ningependa kila kamati iteue idadi ndogo ya tafiti ilizozipitisha, na miezi michache baadaye iwatume watu wasio wa timu ya utafiti wakazungumze na washiriki au wazazi wao. Waulizwe walidhani wanajiunga na nini, nani aliwaeleza, walijua wanaweza kujitoa, na kama wangeulizwa leo wangekubali tena. Wengi wakisema walidhani yalikuwa matibabu ya kawaida, fomu ile isitumike tena kwa mshiriki anayefuata hadi iandikwe upya, na waliosaidia kuiandika upya wawe wale wale walioshindwa kuielewa.