Kabla Hamjaamini: Sikuruka Ua

Najua tayari mmeipata. Ile ya kwamba nililipuliwa na hita ya gesi huku Kiamunyi, Nakuru, nikaruka ua nikiwa uchi wa mnyama, nikatua kwenye sukuma wiki za jirani. Aliyeisambaza ametia chumvi, pilipili na ndimu. Kwanza, sikuwa uchi. Pili, sikuruka ua. Ua wenyewe umelala tangu mvua za Aprili, mimi niliupita tu. Ya sukuma wiki tutayafikia.

Nyinyi wa Mombasa na Kisumu mnaooga maji ya bomba huku mkiimba, nyamazeni kidogo. Nakuru mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, maji ya tangi yanauma hadi mfupa. Mwaka 2021 tulipewa jiji, hatukupewa joto. Mvuke uko hapo volkano ya Menengai chini ya ardhi, na bado hawajauvuta hadi bafuni kwangu. Ndiyo maana tuna hita ya gesi, ile inayoangikwa ukutani nje ya bafu, mtungi wa kilo 13 ukiwa kando.

Kazi yake ni rahisi. Ukifungua maji, msukumo wake unaamsha swichi, betri mbili kubwa za tochi zinapiga cheche, vali inaachia gesi. Tak-tak-tak, vuup, maji moto. Wiki jana ikaanza vituko: inawaka, unahesabu tatu, inazima. Mama watoto akasema tuite fundi. Fundi akasema kuja kuangalia tu ni shilingi 1,000.

Elfu moja ya kuangalia! Macho si ninayo? (Wakati huo hata nyusi nilikuwa nazo.)

Basi Ijumaa usiku nikaingia mtandaoni, nikampata mzungu mmoja wa Uingereza akitengeneza vali ya gesi ya boila. Boila ya kwao ni dude la kupasha nyumba nzima, halihusiani na kisanduku changu, lakini vali ni vali. Mwanzoni alieleza habari za sajili ya Gas Safe, kwamba huko kwao fundi wa gesi hagusi kazi kama hayumo humo. Sehemu hiyo nikairusha mbele, mimi si Mwingereza.

Nikafunga mtungi. Nikachukua bisibisi, nikang'ata simu yenye tochi mdomoni, nikafungua vali, nikaipangusa kwa fulana ya zamani, nikairudisha. Nilipomaliza, mkononi kulikuwa na kiduara cha mpira, chembamba, cheusi. Nikakitazama. Kikanitazama. Nikaamua ni cha akiba.

Mzungu alisema ukishafunga, pakaza povu la sabuni kwenye maungio: mapovu yakifura, gesi inavuja. Lakini ilikuwa saa tano usiku, sabuni iko jikoni, na jikoni yuko mama watoto, ambaye hakuambiwa lolote.

Jumamosi alfajiri nikafungua mtungi, nikaingia kuoga kwa kifua mbele. Nikajipaka sabuni kuanzia utosini, maana nilikuwa na imani. Nikafungua maji. Tak... tak... tak, kwa sauti ya mgonjwa. Maji yakaja kama yametoka friji. Niliyoyasema hapo si ya kuandikwa, mtoto wangu anasoma huku.

Nikafunga maji. Nikajifunga leso ya mama watoto, nikatoka nje na povu langu lote. Zingatieni hilo: sabuni ambayo ingenionyesha gesi inavuja wapi nilikuwa nimeivaa. Nikachomoa betri mpya za redio, nikazipachika kwenye hita. Wakati huo nikasikia harufu, kama kabeji iliyooza. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, huwa inatiwa makusudi ili hata mjinga agundue. Mimi nikasema moyoni, leo jirani wanapika nini hawa?

Sasa twendeni polepole.

Nikachuchumaa chini ya hita, nikainua uso kuchungulia kwa chini nione kama cheche inapiga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu kama moshi, inateremka. Inateremka na kutulia palipo chini. Na pale chini alikuwepo nani, akiwa ametoa shingo kama kobe?

Nikamwita kijana wangu aliye bafuni. "Fungua maji!"

"Ya moto au ya baridi, baba?"

"Ya moto!"

"Yote?"

"Yote!"

Jicho la kushoto linawasha sabuni, nimelifumba. La kulia liko wazi. Nikasikia maji yanapita kwenye bomba, shwaaa. Nikasikia swichi, klik. Nikafurahi, wallahi, nilitabasamu. Betri mpya, cheche ya kwanza, nene, ya buluu, nikaiona ikiruka.

Hakukuwa na mlipuko. Narudia, hakukuwa na mlipuko, puuzeni ile sauti ambayo msambazaji wenu alirekodi kwa mdomo wake. Ilikuwa "fuuup", kama mtu mkubwa anayepuliza mshumaa, ila huyu alikuwa anauwasha na mshumaa ni mimi. Ulimi wa buluu ulishuka, ukanilamba kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso, ukapotea. Kukawa kimya. Kisha harufu mpya ikaja, ya kichwa cha mbuzi kinachochomwa mtaa wa Bondeni Jumapili.

Miguu ndiyo iliyoamua. Nilikimbia bila kushauriana nayo. Nikapita ua uliolala, nikapita kuku, nikasimama katikati ya sukuma wiki za mama anayeuza mayai, jicho moja, povu hadi kiunoni, nafuka moshi. Yeye alikuwa ameinama anachuma. Akainuka taratibu, akanisoma. Nasema akanisoma kwa sababu ile leso ina maandishi, na upande uliomkabili ulisema: DAWA YA MOTO NI MOTO.

Akasema tu, "Baba, pole." Kisha akapiga ukemi ulioamsha ploti nzima.

Na getini, wakati huohuo, alikuwa jamaa yangu, aliyekuja alfajiri yote hiyo kuazima ngazi. Mengine mmeyasikia kwake.

Kijana wangu ndiye aliyefunga mtungi, ana miaka tisa na akili za mama yake. Fundi akaja, akalipwa 1,000 ya kuangalia na nyingine ya kucheka. Akaniuliza kiduara cha mpira kiko wapi, nikakitoa mfukoni. Akapaka povu, akaridhika. Vali haikuwa na ugonjwa wowote. Betri ndizo zilikuwa zimechoka, hazina nguvu ya kuishikilia iwe wazi. Betri, jameni!

Ngozi ni nzima, imekuwa nyekundu kidogo tu. Ndevu zitaota. Nyusi mama watoto amenichorea kwa wanja ili niende kanisani leo, na sijui kama ni hasira au haraka, amezichora juu mno. Mchungaji amesimamisha mahubiri mara mbili kuniuliza kama nina swali.

Na wewe unayejijua: ngazi yangu irudi kesho kabla ya saa nne.