Muziki uliotangulia chombo chake

Mythodea, kazi ya okestra na kwaya ya mtunzi Mgiriki Vangelis, hutangazwa kama muziki wa safari ya Mirihi. Hata jalada la albamu linaitaja NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Lakini kazi hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza Athens mwaka 1993, na Mars Odyssey, chombo cha safari hiyo, kikarushwa Aprili 2001. Ni kama utenzi wa harusi uliotungwa kabla wachumba hawajajuana. Ndiyo maana wako wanaosema Mirihi ilibandikwa tu ili albamu iuzike. Huenda, lakini hoja hiyo hainisumbui.

Kinachonivuta ni jinsi ilivyoundwa. Vangelis hakuwa msomaji wa noti. Alitunga kwa kupiga vinanda vyake vya elektroniki, na wengine ndio walioandika noti kwa ajili ya okestra. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba fidla zinavuta sauti ndefu, pana, mithili ya kidole kisichotaka kubanduka kwenye kinanda. Kwa hiyo elektroniki hapa si pambo lililoongezwa baadaye; okestra ndiyo inayoifuata.

Halafu inaingia kwaya. Katika anga za juu, nje ya dunia, hakuna hewa ya kubeba sauti, hivyo hakuna mtunzi awezaye kuiga mlio wake. Anachoweza ni kumwimba binadamu anayeitazama. Katika onyesho la Juni 2001, mbele ya hekalu la Zeus jijini Athens, kazi hiyo waliibeba Kathleen Battle, mwenye sauti ya juu ya soprano, nyepesi, ang'avu, na Jessye Norman, ambaye sauti yake ilikuwa nzito na yenye kina. Tofauti yao ndiyo utamu wenyewe.

Dosari zipo. Ngoma zinapigwa kwa kishindo hadi zinachosha, na baadhi ya tuni hurudiwa kupita kiasi. (Unyenyekevu haukuwa mtindo wa Vangelis.)

Juno to Jupiter, albamu yake ya 2021 akiwa na mwimbaji wa opera Angela Gheorghiu, ilitungwa mahsusi kwa safari ya chombo cha Juno kwenda Mshtarii, na ndani yake mna sauti zilizotokana na safari yenyewe. Ni aminifu zaidi kwa chombo chake. Hata hivyo mimi huirudia Mythodea, kwa sababu haielezi mtambo wowote. NASA wangeagiza kitu kipya kabisa mwaka 2001, nashuku wangeletewa wimbo wa roketi.