Ndovu wa Euro 15

Muuza sarafu akiwa peke yake mezani haruhusiwi kubanwa na mkojo. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu. Mbele yako wamesimama watu watatu wanaouliza bei na mmoja asiyeuliza kitu, na mali yako yote inaenea kwenye kiganja cha mtu bila hata kulia. Ukiinama kuokota kalamu, ukiinuka anza kuhesabu upya.

Kwa hiyo shangazi aliposema tutakwenda wote Berlin, nilimshukuru Mungu. Alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea Hamburg, na kila asubuhi alikuwa anafunua pazia, anaitazama theluji, kisha anauliza, "Hii mwisho wake lini?" Kukaa ndani kulikuwa kumemchosha. Na shangazi si mtu wa kudharau kwenye biashara. Ameuza khanga Ngamiani tangu mimi sijazaliwa. Kuna mama alikuja kwake kurudisha doti, akaondoka na mbili.

Maonyesho ya sarafu ya Berlin ndiyo makubwa kwetu huku. Zamani yalikuwa yanafanyika Basel, yakahamia Berlin mwaka 2006, na kila mwaka kwenye baridi kali watu wanafurika. Viwanda vya serikali vya kufua sarafu vinakuja na mazulia na taa. Sisi wachuuzi tunapewa meza, kitambaa na viti viwili. Mimi nauza za kwetu: pesa za shaba za kampuni ya Wajerumani zenye maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307, rupia zenye Kaizari Wilhelm aliyevaa kofia yenye tai utosini, heller zenye tundu, pesa za mizani za Sultani Barghash, na zile shilingi za simba za wakati wa Mwingereza.

Shangazi alizipitia moja moja, miwani imeshuka puani.

"Baba, hizi si ndizo tulizokuwa tunanunulia vitumbua?"

"Ndizo, shangazi."

"Na Wazungu wanazinunua?"

"Wanazinunua."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Nilijua anafikiria nini: bibi alikuwa na kopo limejaa hizo, na watoto walizichezea bao.

Katikati ya meza, ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli, alikaa ndovu wangu, sarafu ya dhahabu. Wenye kazi hii wanamjua. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na manowari za Waingereza, sarafu kutoka Ulaya haziingii tena, wakaamua kujitengenezea wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja ndovu ameinua mkonga mbele ya milima, upande wa pili tai wa Kaizari na maandishi "15 Rupien". Zilitoka kama 16,000 tu, na mwezi wa tisa mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Leo moja nzuri inauzwa kwa maelfu ya euro. Huyu wangu alikuwa na mwenyewe tayari: mzee mmoja wa Munich, mkusanyaji wa siku nyingi, tumeandikiana barua, bei tumekubaliana, atakuja mchana kumwona kwa macho na kumlipia.

Jambo moja lieleweke hapa, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Bei siandiki. Kwenye karatasi ya kila sarafu naandika herufi ninazozielewa mwenyewe: nimenunua kwa ngapi na nisishuke chini ya ngapi. Wengi wetu tunafanya hivyo. Mteja anaona "KMT" anadhani ni jina la mfalme.

Saa nne na nusu kahawa za asubuhi zikadai haki yake.

"Shangazi, nakwenda msalani, narudi sasa hivi. Mtu akiuliza, mwambie asubiri."

"Na ufunguo?"

"Ninao, shangazi."

"Kwa hiyo umenileta kuwa mlinzi."

Nikampa ufunguo.

Foleni ya msalani ilitokea mpaka nje ya mlango, na nyuma yangu akasimama bwana mmoja aliyesoma kwenye beji yangu kwamba nauza za Afrika Mashariki. Alikuwa na swali amelibeba kutoka nyumbani. Mwaka 1944, askari mmoja alikuwa kwenye zamu ya rada katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, akaokota sarafu mchangani. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba tano kati ya hizo ni za shaba za masultani wa Kilwa. Kweli kabisa, na ni habari tamu ukiisikiliza umekaa. Bwana yule alitaka nimwambie zilifikaje huko. Wareno walizichukua Kilwa? Mabaharia wetu walipotea njia? Nilimjibu kwamba kwa hali niliyokuwa nayo, ningekuwa mimi ndiye nahodha, ningetia nanga kisiwa chochote. Hakucheka. Akanisubiri mlangoni mpaka nikatoka, tukaendelea.

Niliporudi, mbele ya meza yangu palikuwa na umati. Moyo ukanienda mbio kwa furaha, maana umati ni biashara. Nilipokaribia nikasikia wanacheka.

Shangazi amesimama wima, khanga ameifunga kiunoni juu ya jaketi la baridi, kisanduku kiko wazi. Kijerumani hajui na Kiingereza chake ni cha kuokoteza, lakini hakuvihitaji. Mtu akiuliza bei, anainua sarafu usawa wa macho ya mteja, anaweka ukucha wenye hina juu ya namba iliyoandikwa, na anatulia. Basi. Bei imeandikwa na serikali yenyewe, nani atabisha?

Peni yenye tundu, ile ya senti 10, ya mwaka 1936 ilikuwa imekwenda. Ile ina jina la Edward wa Nane, aliyeacha ufalme kabla hata hajavishwa taji, na zilizotoka kwa jina lake ni za nchi chache tu, yetu ikiwamo. Si ya bei mbaya, lakini ameiuza senti 10. Aliyenunua alitoa sarafu ya senti 10 ya euro, wakabadilishana, wakapeana mikono.

Reale ya Maria Theresa nayo haina thamani iliyoandikwa. Ina namba moja tu, 1780, mwaka aliokufa yule malkia wa Austria. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikuwa wanakataa reale yenye mwaka mwingine wowote, kwa hiyo Vienna, na baadaye London, Roma na Bombay, ziliendelea kugonga 1780 mpaka ndani ya karne ya 20. Yangu ilikuwa ya hizo za juzijuzi, bei yake ni ya fedha iliyomo na nyongeza kidogo. Shangazi akaweka ukucha kwenye 1780. Mama mmoja akatoa macho. Shangazi akafikiri anataka kupunguziwa, akamwandikia kwenye kiganja: 1,750.

Na ndovu? Ndovu ameandikwa 15.

Alimtangaza kwa 15 mbele ya watu sijui wangapi, na hakununua hata mmoja! Ukumbi mzima umejaa watu wanaoota kuokota dhahabu kwa bei ya chakula cha mchana, dhahabu yenyewe inapepewa mbele ya pua zao, na wote wanatabasamu wanapita. Kwa sababu kila mwenye akili anajua kwamba ndovu wa Tabora wa euro 15 ni feki. Feki zake zipo nyingi.

Jirani yangu wa meza, mzee wa Kiholanzi mwenye moyo mzuri, akanivuta mkono pembeni.

"Pole sana," akaninong'oneza. "Hata mimi niliwahi kuuziwa feki. Lakini usiiuze hapa. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba una ndovu wa bandia kwa 15 na reale mpya kwa bei ya kale."

Yaani nimekuwa tapeli wa pande zote mbili, na sikuwepo. Kijasho chembamba kikanitoka. Sarafu za watu zinachukua miaka mia kuzunguka dunia, lakini umbeya ulishafika ukumbi wa pili kabla sijafunga zipu.

Nikafunga kisanduku, nikachukua ufunguo, nikamketisha shangazi. Yeye ndiye aliyenuna.

"Watu wako hawanunui," akasema. "Nimewawekea bei ya serikali bado wanacheka. Ngamiani huyu ndovu angeshaondoka na jicho la mtu."

Hapo hapo akatokea mzee wa Munich. Koti refu, lenzi inaning'inia kifuani kwa mnyororo, uso hauna dalili ya kheri. Alishasikia. Hakukaa.

"Naambiwa kuna mashaka," akasema.

Nilikuwa na hamu na dakika hiyo. Nikasema kwa sauti, ili waliobaki wasikie, kwamba mashaka yanaondolewa na mizani, si na maneno. Ndovu halisi ana gramu 7.168. Nikatoa mizani yangu ndogo, nikaiweka katikati ya meza, nikafungua kisanduku, nikamtoa ndovu kwenye kifuko chake kwa vidole viwili, taratibu, kwa madaha kabisa, nikamlaza. Watu wakasogea.

Mizani ikaandika 4.1.

Nikamtoa, nikapuliza mizani, nikamlaza tena. 4.1. Mholanzi akaangalia dari. Mzee wa Munich akamchukua ndovu, akaweka lenzi jichoni, akamzungusha, jicho likakomea kwenye miguu ya nyuma ya ndovu.

"Hapa chini ya mguu," akasema, bila hasira hata kidogo, "pameandikwa KOPIE. Nakala."

Magoti yakaniisha nguvu. Nilimnunua kwa mikono yangu, nikampima kwa mizani hii hii, nimelala naye chini ya mto jana usiku. Nikageuka.

"Shangazi. Ndovu yuko wapi?"

"Si huyo mkononi mwa mzee?"

"Yule mwingine."

"Aa, yule mkuukuu?"

Nakuambia, neno "mkuukuu" sijawahi kulipenda kama siku hiyo.

"Yule wako amepauka, baba," akaeleza, kwa subira ya mwalimu. "Alikuja kijana hapa kucheka na wenzake, naye ana wake kwenye trei, anang'aa vizuri, anataka 20. Nikamshusha mpaka 12. Nikaona, kama wa 15 hawamtaki, tutawauzia huyu kwa 14. Sasa dukani unatanguliza nini mbele? Kinachong'aa. Kile kingine unakihifadhi."

"Umekihifadhi wapi?"

Akafungua jaketi. Ndani ya jaketi sweta, ndani ya sweta khanga ya pili, na kwenye pindo la khanga ya pili fundo. Fundo la shangazi halifunguki kwa kuombwa. Alilivuta kwa kucha, akalivuta kwa meno, mzee wa Munich akamsaidia kushika ncha moja, Mholanzi akaleta mkasi, shangazi akamtazama yule mkasi mpaka ukarudi ulikotoka. Fundo likaachia. Ikatoka pini, zikatoka pipi mbili za mnanaa, ikatoka noti ya shilingi elfu tano iliyokunjwa mara nane, halafu ndovu.

Mizani ikaandika 7.17.

Mzee alimkagua kwa lenzi muda ambao naamini alikuwa ananiadhibu. Mkonga, milima, mwaka, ile herufi T ya Tabora. Mwishowe akakohoa, akauliza kama bei ni ile tuliyokubaliana. Kabla sijafungua mdomo, mkono wa shangazi ukapita mbele yangu, ukucha wa hina ukatua kwenye 15.

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Umati ukacheka, na safari hii nami nikacheka, japo wa kwangu ulikuwa na kilio ndani. Akalipa, lakini baada ya kuniomba nimpunguzie mia mbili kwa usumbufu alioupata, na kwa hali ya jina langu mle ukumbini sikuwa na ubavu wa kukataa.

Alipokuwa anafunga mkoba akasita, akanyoosha kidole kwa yule wa KOPIE. Anamtaka na huyu, akasema, akamweke karibu na mwenzake, maana mkewe hataamini bila ushahidi. Nikamwambia achukue bure. Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza. Akainua vidole vyote kumi, akafumba, akainua vinne.

Mzee akahesabu euro 14, akampa mkononi. Shangazi akazifunga kwenye pindo, akakaza fundo kwa meno, akaninong'oneza:

"Umeona? Wako umempunguzia. Wangu nimemuuza kwa bei yake."